Kurasa za kitabu cha tiba zilizogeuka nyuso: kazi ya Wangechi Mutu, na vitabu vyetu vilivyochakaa

Hapa Ndosho kitabu hakizeeki haraka machoni pa watu. Kikipoteza jalada, kinaendelea kusomwa. Kikipoteza kurasa za kwanza, mtoto anaanzia somo katikati na maisha yanaendelea. Siku kinaposhindwa kabisa, kurasa zake zinakwenda sokoni kufungia karanga, au zinawasha moto kwenye mbabula. Hakuna anayeona ajabu. Karatasi ni karatasi, na watu wana njaa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wetu hatujaizoea. Msanii anakichukua kitabu cha zamani, anakikata, anakibandika upya, na kinaanza kusema jambo ambalo mwandishi wake hakulifikiria. Mtu anayeona kazi hiyo kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili. Hii si kuharibu kitabu? Na sisi, ambao hatuna vitabu vya kutosha, inatuhusu nini?

Maswali yote mawili ni ya haki. Ili tuyajibu vizuri, tumtazame kwanza msanii mmoja wa Afrika Mashariki anayejulikana duniani kwa kazi ya namna hii, halafu turudi nyumbani.

Wangechi Mutu ni nani

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1972. Alisoma katika shule ya masista wa Loreto, Msongari, kisha akaenda Wales kumalizia masomo ya sekondari katika chuo cha kimataifa. Katika miaka ya 1990 alihamia New York. Mwaka 1996 alipata shahada katika chuo cha Cooper Union, na mwaka 2000 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale. Huko Yale alisomea uchongaji wa sanamu. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu watu wengi walimjua kwanza kwa kazi za karatasi.

Mwaka 2010 benki ya Deutsche Bank ya Ujerumani ilimteua kuwa msanii wake wa mwaka, naye akawa wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Venice, katika maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Leo anafanya kazi zake Nairobi na New York.

Kolaji ni nini

Kazi iliyomtambulisha inaitwa kolaji. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, kwenye kitenzi cha kubandika kwa gundi. Picasso na Braque waliileta katika sanaa ya Ulaya mwaka 1912, walipoanza kubandika vipande vya magazeti na karatasi za ukutani juu ya picha zao. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Mama anayekusanya mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani na kuyashona kuwa blanketi moja anafanya jambo la aina hiyo. Kila kipande kilitoka kwenye nguo ya mtu fulani. Ukitazama blanketi, unaona kitu kipya, na bado unaweza kutambua kitenge cha shangazi.

Hapo ndipo nguvu ya kolaji ilipo. Mchoraji wa kawaida anaanza na karatasi tupu. Mtu wa kolaji anaanza na vitu ambavyo tayari vina maana, kwa sababu vilishasemwa, vilishachapishwa na vilishauzwa. Anapoviweka pamoja, maana mbili zinagongana mbele ya macho yako. Picha ya pikipiki ilikuwa tangazo la biashara. Ikikatwa na kuwekwa mahali pa mkono wa mtu, inakuwa swali: mtu huyu amefanywa mashine na nani?

Mutu alikata picha zake katika majarida ya mitindo ya mavazi, majarida ya safari na wanyama, na majarida ya pikipiki. Akachanganya na wino, rangi, unga unaometameta, manyoya, hata utepe ule wa kufungia maboksi. Na mahali pa kuyabandika hayo yote, mara kadhaa alichagua kurasa za vitabu vya zamani vya tiba.

Wanawake 12 kutoka kitabu cha magonjwa

Kati ya miaka 2004 na 2006 alitengeneza picha 12 zenye jina la pamoja ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Histolojia ya aina mbalimbali za uvimbe wa mfuko wa uzazi". Histolojia ni elimu ya kuchunguza nyama za mwili kwa darubini. Ni jina la kidaktari, gumu na la baridi, ambalo ungetegemea kulikuta kwenye kabati la hospitali.

Kurasa zenyewe zilitoka katika vitabu vya tiba vya zamani. Zilikuwa na michoro ya viungo vya uzazi vya mwanamke: mfuko wa uzazi wenye afya, mfuko wenye uvimbe, njia zilizoziba. Michoro ya namna hiyo ilichorwa kwa uangalifu mkubwa ili wanafunzi wa udaktari wajifunze. Lakini mwanamke mwenyewe hayumo. Hana uso, hana jina, hana kijiji. Kuna kiungo tu na ugonjwa wake.

Mutu alifanya jambo ambalo ni rahisi kulieleza, ila halisahauliki ukiliona. Alivifanya viungo hivyo kuwa nyuso. Juu ya mchoro wa mfuko wa uzazi alibandika macho. Akabandika midomo iliyokatwa katika jarida la mitindo. Akaongeza nywele, manyoya, mapambo. Ukurasa uliokuwa wa ugonjwa ukawa kichwa cha mtu, na kichwa hicho kinakutazama. Si nyuso za kupendeza. Baadhi zina macho yasiyolingana na midomo iliyovimba, na nyingine zinakumbusha barakoa za kale za Afrika. Mtazamaji anasikia huruma, anasikia woga, na anaona aibu kidogo, kana kwamba amekutwa akichungulia.

Tuseme wazi kwamba hizi si picha za kutundika katika darasa la shule ya Jumapili. Baadhi ya vipande alivyotumia msanii vinaonyesha mwili wa mwanamke jinsi magazeti ya dunia yanavyouonyesha, bila staha. Anavitumia kwa kusudi la kulaumu jambo hilo. Anayetaka kuzitazama azitazame kama mtu mzima, akijua anachotazama.

Kwa nini kitabu cha tiba?

Kitabu cha zamani kina mamlaka. Kimechapishwa, kina jalada gumu, kina picha zilizopangwa kwa namba. Msomaji huamini kwamba kinachoandikwa humo ni kweli na kamili. Vitabu vya tiba vya karne ya 19 vilisema mambo mengi ya kweli, na watu wengi wamepona kwa sababu yake. Lakini elimu ile ilipatikana kwa gharama, na walioilipa hawakutajwa kwenye jalada.

Tuchukue mfano unaotugusa sisi wa Kivu moja kwa moja: upasuaji wa fistula. Kati ya 1845 na 1849, daktari wa Marekani aitwaye James Marion Sims alifanya majaribio ya upasuaji huo huko Montgomery, Alabama. Aliwapasua wanawake weusi waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi. Wengi wao hatuwajui. Majina matatu tu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Sims aliheshimiwa, akasimamishiwa sanamu New York. Mwezi wa Aprili 2018 mji huo uliiondoa sanamu yake katika bustani ya Central Park, baada ya watu kuuliza kwa miaka mingi kwa nini daktari ana sanamu na wanawake wale hawana.

Leo fistula inatibiwa kwa heshima na kwa dawa ya usingizi karibu nasi. Inatibiwa katika hospitali ya HEAL Africa hapa Goma. Inatibiwa Panzi, Bukavu, hospitali ya kanisa la Kipentekoste iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Irak. Kazi hiyo inasimama juu ya elimu ambayo mwanzo wake una machozi ndani. Hatuwezi kuitupa elimu hiyo, maana inaponya dada zetu. Hatuwezi pia kujifanya haikuwa na wenyewe.

Hapa ndipo msanii anapoingia. Mutu hakuchoma kitabu cha tiba. Hakuandika kitabu kingine cha kukipinga. Alichukua ukurasa uleule akaurudishia kitu ambacho kilikosekana tangu mwanzo: uso wa mtu.

Watu wa Goma wanaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimimina moto mpaka katikati ya mji, ukala nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Moto ulipopoa ukawa jiwe jeusi. Watu walirudi, wakachukua jiwe lilelile, wakalipasua kwa nyundo na kujengea misingi na kuta. Mpaka leo kuta nyingi za mji wetu ni za jiwe hilo. Hakuna aliyesema jiwe limekuwa zuri, wala aliyesahau lilivyokuja. Lilikuwa hapo, nalo likawa ukuta.

Kutoka karatasi mpaka sanamu

Baada ya miaka mingi ya kolaji, Mutu alirudi kwenye uchongaji aliousomea. Lakini karatasi hakuiacha. Katika sanamu zake kadhaa alizozitengeneza tangu mwaka 2016, karatasi imeloweshwa na kupondwa mpaka ikawa rojo, ikachanganywa na gundi na udongo, ikajengwa juu ya mbao na matawi. Sanamu hizo zinaonekana kama wanawake waliochipuka ardhini. Karatasi ilianza kama mti; hapo inarudi kusimama karibu na mti.

Kazi yake iliyoonekana na watu wengi kuliko zote ilitengenezwa kwa bronzi. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina ukuta wa mbele uliokamilika mwaka 1902. Ukuta huo una mashubaka manne makubwa yaliyojengwa ili yawekwe sanamu. Kwa zaidi ya miaka 100 yalikaa matupu. Mwezi wa Septemba 2019 Mutu akawa msanii wa kwanza kuyajaza. Aliweka wanawake wanne wa bronzi walioketi wima, miili yao imefunikwa kwa mikunjo ya bronzi kama vazi, na vichwani au usoni wana visahani vinavyong'aa na kurudisha mwanga wa jua.

Ili tuone alichofanya, tukumbuke sanamu za kale. Wagiriki walichonga wanawake waliobeba paa la hekalu vichwani. Huku kwetu, Waluba wa Katanga walichonga viti vya wafalme ambavyo mwanamke anakibeba kikalio kwa mikono na kichwa. Makumbusho hayohayo ya New York yana kiti kimoja cha namna hiyo, kazi ya fundi mkubwa wa Buli wa karne ya 19. Ni kazi nzuri sana. Lakini mwanamke yule anabeba, siku zote anabeba. Wanawake wanne wa Mutu hawabebi paa wala kiti. Wameketi tu.

Yeyote anayewajua akina mama wa Kivu wanaopanda na kushuka wakiwa wamebeba mizigo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, anajua uzito wa kumwona mwanamke aliyeketi.

Wengine wanaofanya kazi jirani na hii

Mutu hayuko peke yake, na njia zao zinatofautiana.

Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 huko Kimbembele Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970. Alifanya kazi ya ualimu, kisha akatengeneza vitu vilivyoharibika katika makumbusho ya taifa. Halafu akajenga miji mizima kwa karatasi, katoni, maboksi ya bidhaa na makopo, yenye majengo ya rangi ambayo hayajawahi kuwapo. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, yaani MoMA, yalionyesha kazi zake nyingi pamoja. Yeye alitumia vilivyotupwa kuota mji ambao angependa kuishi ndani yake.

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao "Mémoire" alichukua picha za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa enzi za ukoloni, picha nyeusi na nyeupe zilizohifadhiwa na kampuni ya madini, akaziweka juu ya picha za rangi alizopiga mwenyewe katika magofu ya viwanda vya Gécamines. Wazee wa zamani wanasimama katika kiwanda kilichokufa, nasi tunaona jana na leo kwa mara moja.

Huko Marekani, Brian Dettmer, aliyezaliwa Chicago mwaka 1974, anachukua kamusi na ensaiklopidia za zamani. Anafunga kingo za kitabu kwa kemikali ili kurasa zishikamane, kisha anachimba kutoka juu kwenda chini kwa visu na vyombo kama vya upasuaji, ukurasa kwa ukurasa. Haongezi kitu. Anaondoa tu, na picha zilizokuwa zimefichika ndani zinabaki zimesimama kama mji ulioonekana kutoka juu.

Kwa hiyo tuna njia nne: kubandika juu ya ukurasa, kujenga kwa kilichotupwa, kuweka picha ya zamani ndani ya mahali pa leo, na kuchimba ndani ya kitabu. Zote zinaanza na swali moja: kitu hiki cha zamani kilikuwa kinasema nini, na kilikuwa kinanyamazia nini?

Lakini je, si dhambi kukata kitabu?

Turudi kwenye swali la kwanza. Watu wa Biblia wana sababu ya kuwa waangalifu hapa, na Maandiko yenyewe yana habari ya kitabu kilichokatwa.

Katika Yeremia sura ya 36, Baruku aliandika kwa wino maneno aliyoyasikia kinywani mwa nabii. Gombo likasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Watu watatu walimsihi asifanye hivyo, naye hakuwasikiliza. Kisha Yeremia akampa Baruku gombo lingine. Baruku akaandika tena maneno yote, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Kisu alichokitumia mfalme kilikuwa chombo cha kawaida cha kazi ya uandishi, cha kuchongea kalamu na kukatia karatasi. Kosa halikuwa kwenye kisu. Mfalme alikata ili neno lisisikike. Hilo ndilo la kupima kwanza katika kila kazi ya namna hii: anayekata anataka kunyamazisha, au anataka kusikilizisha?

Historia ya vitabu vitakatifu nayo inatufundisha heshima. Wayahudi wa Cairo ya kale hawakutupa maandishi yao yaliyochakaa. Waliyaweka katika chumba maalumu cha sinagogi la Ben Ezra, kwa karne nyingi. Solomon Schechter alipofika huko mwaka 1896, alikuta lundo la karatasi na ngozi, na vipande zaidi ya 190,000 vikaishia Cambridge, Uingereza. Humo hamkuwa na Maandiko tu. Kulikuwa na barua, hesabu za biashara, mikataba ya ndoa, mazoezi ya watoto waliojifunza kusoma. Kwa sababu watu hawakutupa, leo tunajua walivyoishi.

Kuna pia kitabu kinachohifadhiwa Paris. Katika karne ya 5 kiliandikwa Biblia ya Kigiriki juu ya ngozi. Katika karne ya 12 mtu akakwangua maandishi hayo na kuandika juu yake hotuba za Efraimu wa Siria, kwa sababu ngozi ilikuwa ghali. Katika miaka ya 1840 msomi Tischendorf aliweza kuyasoma tena maneno ya chini, nayo ni kati ya mashahidi muhimu wa kale wa Agano Jipya. Aliyekwangua hakuwa adui wa Biblia. Alikuwa maskini wa karatasi, kama sisi.

Na sisi, tusio na vitabu vya kutosha?

Hapa lazima tuseme ukweli. Mahali ambapo watoto watano wanashika kitabu kimoja cha hesabu, kukata kitabu kizima ili kupamba ukuta ni kumnyang'anya mtoto. Msanii wa New York ananunua kitabu cha zamani kwa bei ndogo, naye anajua kuna nakala nyingine mia. Sisi hatujui. Kwa hiyo si lazima tuige kila kitu. Lakini karatasi zinazokwenda kufungia karanga zipo, na magazeti, kalenda, vipeperushi vya uchaguzi na maboksi ya misaada havikosekani. Kazi ya namna hii ikifanywa katika kikundi cha vijana au cha akina mama, ifuate mambo machache.

Kwanza, kisikatwe kitabu kinachoweza kusomwa au kushonwa. Kitabu kilichoachana kwenye mshono kinaweza kurudishwa kwa sindano nene, uzi na gundi.

Pili, daftari za kanisa zisiguswe kamwe. Daftari la ubatizo, la ndoa, la mazishi, hata likiwa limeliwa na mchwa, ni ushuhuda. Kwa familia iliyokimbia vita na kupoteza karatasi zake zote, mstari mmoja katika daftari la ubatizo unaweza kuwa mahali pekee ambapo jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa vimebaki. Daftari kama hilo linahitaji kunakiliwa na kuwekwa mahali pakavu.

Tatu, kuhusu Biblia na vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, wazee wa kanisa waulizwe. Wengine watapendelea kuvihifadhi, wengine kuvizika, wengine kugawa kurasa zinazosomeka kwa wagonjwa. Jambo la maana ni kwamba dhamiri ya ndugu isijeruhiwe kwa sababu ya pambo.

Nne, vifaa visitushinde. Unga wa muhogo ukikorogwa kwa maji baridi, kisha ukamiminiwa maji yanayochemka huku ukikoroga, unakuwa gundi nzuri ya karatasi. Karatasi zilizochanwa na kuloweshwa usiku kucha, zikapondwa kwenye kinu, zikakamuliwa na kuchanganywa na gundi hiyo, zinakuwa rojo la kufinyangia bakuli, barakoa, hata sanamu ya mtu. Vikauke kivulini kwa siku kadhaa, kwa tabaka nyembamba, maana tabaka nene huoza ndani kabla ya kukauka.

Tano, na hili ndilo kubwa, kabla ya kukata, kikundi kisome. Ukurasa huu unasema nini? Ni nani aliyetajwa, na ni nani hakutajwa? Kalenda inaonyesha nyumba ya nani? Kipeperushi kiliahidi nini? Bila hatua hii, kazi inabaki pambo.

Uso mahali pa namba

Kuna sababu moja zaidi ya kuifikiria kazi ya Mutu hapa Ndosho. Hospitali ya CBCA iliyopo katika mtaa wetu imepokea majeruhi wa vita kwa miaka mingi, ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Mwezi wa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, waliletwa wengi kuliko vitanda. Dunia ilisikia habari zetu kwa hesabu: majeruhi wangapi, waliokimbia wangapi, wanawake wangapi waliotendewa ukatili. Hesabu hizo zinahitajika. Bila hizo dawa haziji. Lakini zinafanana na ukurasa ule wa kitabu cha tiba: zinaonyesha jeraha kwa usahihi, na mwenye jeraha hayumo.

Kanisa lina kazi ambayo ripoti haiwezi kuifanya. Mzee wa kanisa anayepita vitandani anajua kwamba kijana wa kitanda cha tatu anaitwa nani, mama yake anauza wapi, na aliimba sauti gani katika kwaya. Kumjua hivyo ndiko kuurudisha uso kwenye ukurasa. Msanii alilifanya kwa mkasi na gundi. Wengine wanalifanya kwa kumkumbuka mtu kwa jina lake katika sala, na kwa kurudi kumwona tena wiki inayofuata.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni karatasi gani ya zamani iliyo nyumbani kwako ambayo hungependa ipotee? Kwa nini?

2. Soma Yeremia 36. Watu watatu walimsihi mfalme asichome gombo. Katika mtaa wetu, ni maneno gani ambayo watu wanataka yasisikike, na ni nani anayesihi?

3. Daftari za kanisa letu ziko wapi? Nani anazitunza, na zitapona vipi mvua ikiingia au tukilazimika kukimbia?

4. Mtaje mtu mmoja ambaye mara ya mwisho ulimsikia akihesabiwa tu. Jina lake ni nani?